Wito au hamu tu? Mi nilipiga simu kwanza

Bwana asifiwe Mhariri na wasomaji wenzangu. Swali la wiki hii mmeuliza hivi, mtu aliyewahi kutumika ng'ambo kama mmisionari akarudi nyumbani, na sasa anasikia moyoni anaitwa arudi tena, atajuaje kama ni Mungu au ni yeye mwenyewe? Aisee, mngeniuliza miaka minne iliyopita ningejibu mstari mmoja tu, nenda ndugu usimzimishe Roho. Leo sina haraka hiyo.

Tulikaa kule miaka tisa, mimi na mama watoto. Nchi yenyewe siitaji, waumini wa kule ni wachache na jina likitajwa watakaoitwa kuhojiwa ni wao sio mimi. Tulirudi kwa sababu baba yangu aliugua na mimi ndo kifungua mimba, hakuna drama yoyote hapo. Tulisema mwaka mmoja. Baba akafariki, viza ikaisha, watoto wakashaingia shule, mwaka ukawa sita.

Sasa hiyo sauti. Kwangu ilianza na ndoto, yani naota kwa lugha ya kule, naamka moyo mzito siku nzima, kanisani wimbo ukiimbwa nautafsiri kichwani bila kukusudia, mpaka nikaanza kuwaambia watu nina mzigo na watu wale. Na mnajua kanisani ukishasema una mzigo hakuna wa kukuhoji, watu wanaitikia amina na wengine wanaingiza mkono mfukoni palepale.

Aliyenihoji ni mke wangu. Usiku mmoja kaniuliza, baba watoto, hivi ukiota kule unamuota nani? Nikafikiri, nikaona aibu. Nlikuwa najiota mimi. Mimi niko mimbarani, mimi napokelewa, mimi nimezungukwa na wazee wananisikiliza. Tuseme ukweli jamani, kule nilikuwa mtu. Mtoto akizaliwa naitwa, wanandoa wakigombana naitwa, nikikohoa kanisa zima linafunga na kuomba. Hapa nimerudi nikapewa dakika kumi za ushuhuda Jumapili ya kwanza, picha zikaonyeshwa ukutani, makofi, Jumapili ya pili natafuta kiti kama kila mtu. Kwenda tulifundishwa miezi na miezi, lugha, mila, usalama, kila kitu. Kurudi hakuna aliyetufundisha hata saa moja, na naamini wengi wanaosema wanaitwa kurudi wanachokikimbia ni hicho kiti cha Jumapili ya pili.

Lakini sisemi hamu ni dhambi. Hata Paulo alimwambia Barnaba turudi tukawaangalie ndugu katika kila mji tulikohubiri, wako hali gani (Matendo 15:36). Hapo hapana maono wala malaika, ni mtu amewakumbuka wenzake tu. Ila angalia alichotaka kujua, wako hali gani wao. Alafu sura inayofuata tunapenda sana kukariri ule mstari wa 9, mtu wa Makedonia kasimama anasema vuka uje utusaidie, tunaruka wa 6 na wa 7 ambapo Paulo alikatazwa kuhubiri Asia, akajaribu kuingia Bithinia nako akazuiwa. Yani mtume mzima kagonga milango miwili imefungwa! Na mlango uliofunguka ulikuwa na mtu upande wa pili anayeomba msaada. Hilo ndo lilinikaa kichwani, nikajiuliza mimi kule nani ameniomba?

Basi nikapiga simu. Nilimpigia mchungaji wa lile kanisa, kijana niliyemfundisha mwenyewe tangu hajaoa, nikamweleza mzigo wangu wote kwa machozi kabisa. Kanyamaza muda mrefu nikadhani mtandao umekata. Kisha kasema, kaka, tukikuona tutafurahi sana, lakini ukija kuchunga, huyu kijana ninayemwandaa nitamweka wapi?

Iliniuma, siwadanganyi. Wiki nzima sikumpigia tena. Baadae nikakumbuka marehemu mchungaji John Gatu wa Kenya, mwaka 1971 alisema wazi kwamba wamisionari na pesa zao wasitishwe kwa muda ili makanisa ya Afrika yajifunze kusimama yenyewe, na mwaka 1974 mkutano wa makanisa ya Afrika kule Lusaka ukalichukua jambo hilo. Watu walikasirika sana kipindi kile. Mi nilikuwa nalisimulia kama historia ya wazungu, sikuwahi kufikiri kuna siku litanihusu mimi. Na China je, miaka ya mwanzo ya 1950 wamisionari wa nje karibu wote walilazimika kuondoka, wengi wakadhani kanisa limekwisha, kumbe lilikuja kukua kuliko wakati wao walipokuwepo. Ukilitazama vizuri hilo unapoa kidogo.

Kwa mwenzangu ambaye kazuiwa na ugonjwa au wazazi na anaona miaka inapotea, msome Hudson Taylor, yule mmisionari Mwingereza. Aliingia China 1854, mwaka 1860 akarudishwa Uingereza na ugonjwa, akakaa mpaka 1866. Miaka sita, kama mimi tu. Lakini katika hiyo sita alimaliza masomo yake ya udaktari, akafanya kazi ya kurekebisha Agano Jipya kwa lugha ya Ningbo, mji wa China alikotumika, ramani ya China iko ukutani, na mwaka 1865 pale ufukweni Brighton akamwomba Mungu watenda kazi 24. Hakukaa anaota tu kama mimi.

Kuhusu bodi ya umisheni, hao wanaotutuma, sitasema mengi, fomu, vipimo vya hospitali, barua ya wazee, hayo kila bodi ina yake. Moja tu nililipenda, mke wangu walimhoji peke yake, mimi nikaambiwa nisubiri nje. Kama bodi yenu haifanyi hivyo mzee mwenzangu, mhoji mkeo wewe mwenyewe nyumbani, na uwe tayari kusikia hapana. Watoto pia. Binti yangu mkubwa ana miaka 15 na kasema waziwazi, baba nenda, mimi nilishahama mara mbili. Hilo nalo utalikemea ukisema ni shetani? Mi nimeshindwa.

Mchungaji yule alinipigia mwenyewe baada ya miezi kama minne hivi. Hakutaja mahubiri. Kasema serikali sasa inataka mahesabu ya kila kanisa yakaguliwe, wao vitabu vyao vimevurugika, mhazini anaandika kwenye daftari la shule, na amekumbuka kwamba mimi kabla ya umisheni nilikuwa mhasibu, je naweza kuja kumfundisha mhazini na wawili wengine? Nikamuuliza na Jumapili nitafanya nini, akacheka, akasema Jumapili utakaa na sisi.

Nimekubali. Wazee wa kanisa letu wamesaini, viza ni ya miezi mitatu, naenda peke yangu na familia inabaki. Sijui kama huo ndo wito au ni kibarua, na kwa kweli siku hizi swali hilo halininyimi usingizi. Nilianza kufungasha vitabu vyangu vya mahubiri, mke wangu akavitoa kwenye begi akaweka kikokotoo.