Dai karatasi kabla hujamdai mtu

Msimu wa korosho ukifunguliwa, hakuna mkulima wa Tandahimba wala Nachingwea anayeshusha mzigo wake kwenye chama cha msingi cha ushirika akaondoka mikono mitupu. Atasimama mbele ya mizani, atasoma kilo kwa macho yake, atahesabu magunia, na hatoki pale mpaka ameshika stakabadhi. Mfumo wa stakabadhi ghalani ulianzia Mtwara msimu wa 2007/08, na tangu hapo watu wa Kusini wanajua kwamba korosho ikishaingia ghalani, chako ni ile karatasi. Ajabu, mtu huyohuyo anatoa mchango wa zahanati shilingi 10,000, jina lake linaandikwa kwa kalamu kwenye daftari la shule, anakwenda zake. Miezi sita baadaye utamsikia kijiweni: "Wamekula."

Neno "wamekula" ni tamu mdomoni, lakini mkaguzi hana pa kuliandika na hakimu halipokei. Swali linalombana mtumishi wa umma ni lile lenye karatasi ndani yake: kiasi gani, tarehe gani, kwa idhini ya kikao kipi, hati iko wapi. Mwaminifu atakutolea hati na mambo yataisha palepale. Asiyekuwa nayo ataanza kukuuliza umetumwa na nani. Ibara ya 8 ya Katiba inasema serikali itawajibika kwa wananchi. Haijasema mwananchi aombe radhi kwanza ndipo aulize.

Mwenyekiti na mtendaji ni watu wawili

Malalamiko mengi ya kijijini hufa kwa sababu yamepelekwa mlango usio wake. Mwenyekiti wa kijiji mmemchagua wenyewe, mara ya mwisho tarehe 27 Novemba 2024, kwa miaka mitano. Mtendaji ni mwajiriwa wa halmashauri ya wilaya, na ndiye katibu wa vikao vyenu. Mkutano mkuu unaweza kusema hauna imani na mtendaji, lakini kura zenu hazimfukuzi kazi; mwenye mamlaka ya nidhamu juu yake ni mwajiri wake. Ndiyo maana kufunga ofisi ya kijiji kwa kufuli, jambo ambalo watu hulipenda sana, hugeuza kibao: mlikuwa walalamikaji, sasa ninyi ndio mnaotafutwa na polisi.

Njia yenye matokeo ni azimio la maandishi lenye sababu moja baada ya nyingine, linalokwenda kwa mkurugenzi wa halmashauri kupitia kwa mtendaji wa kata, pamoja na muhtasari na orodha ya mahudhurio. Lakini kuna mtego hapo. Anayeandika muhtasari ni mtendaji huyohuyo mnayemlalamikia. Kwa hiyo kama ajenda inamhusu yeye, mwombeni mtendaji wa kata awepo tangu mwanzo, na kalamu ishikwe na mtu mwingine. Kabla ya kutawanyika, azimio lisomwe kwa sauti kama lilivyoandikwa, neno kwa neno.

Kuhusu orodha ya mahudhurio: usisaini karatasi ambayo juu yake hakuna tarehe, ajenda wala jina la kikao. Karatasi tupu yenye majina 80 na saini 80 inaweza kesho kubandikwa nyuma ya muhtasari wa kugawa ardhi, na mgeni akaja na trekta akiwa na "idhini ya wananchi". Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 hairuhusu halmashauri ya kijiji kugawa ardhi bila idhini ya mkutano mkuu, na ndiyo maana saini zenu zinatafutwa hivyo.

Kusoma taarifa ya fedha kwa dakika tano

Mkutano mkuu wa kijiji, ambao kila mkazi mwenye miaka 18 na zaidi ni mjumbe wake, unapaswa kukutana angalau mara moja kila miezi mitatu, na taarifa ya mapato na matumizi isomwe hapo. Kinachotokea ni kwamba mkutano unaitwa siku ya mnada, au wakati kila mtu yuko shambani anapulizia mikorosho salfa. Watu hawatimii, na baadaye unasikia taarifa "ilipita". Mkikutana, kataeni tarehe ya kupangiwa. Kabla ya kufunga kikao mpange wenyewe tarehe ya kikao kijacho na iingie kwenye muhtasari.

Taarifa ikisomwa, usihangaike na mistari yote. Tafuta tarakimu nne: salio la kuanzia, jumla ya mapato, jumla ya matumizi, salio la mwisho. Kisha fanya kitu kimoja ambacho wengi hawakifanyi: chukua salio la mwisho la robo iliyopita ulinganishe na salio la kuanzia la robo hii. Lazima yawe sawa mpaka shilingi ya mwisho. Kama Aprili hadi Juni ilifungwa kwa 1,340,000 na Julai hadi Septemba imefunguliwa kwa 890,000, basi shilingi 450,000 zimetoweka kati ya usiku wa tarehe 30 Juni na asubuhi ya tarehe 1 Julai. Hakuna aliyenunua kitu usiku huo. Hili huwezi kuliona usipoandika tarakimu za robo iliyopita, kwa hiyo nenda mkutanoni na daftari lako.

Swali la pili ni taarifa ya benki. Salio la mwisho kwenye taarifa lilinganishwe na salio la benki la tarehe hiyohiyo. Kama kuna tofauti, mtendaji aeleze fedha taslimu iko wapi na kwa nini haijapelekwa. Wakaguzi wana jina la ugonjwa huu: matumizi ya fedha mbichi, yaani hela inakusanywa na kutumika kabla haijaonja benki. Hata pale ilipotumika kwa jambo la kweli, bado ni kosa, kwa sababu hakuna anayeweza kuthibitisha ilikuwa kiasi gani.

Namna ya kuuliza nayo ina uzito. "Mheshimiwa mwenyekiti, naomba kupitia kwako mtendaji atufafanulie: salio la tarehe 30 Juni lilikuwa milioni moja na laki tatu na elfu arobaini. Leo tumeanza na laki nane na tisini. Tofauti hii iko kwenye hati ipi?" Halafu kaa chini. Usiongeze neno la matusi wala usitaje nyumba yake mpya ya bati la rangi. Ukitaja nyumba, watu watajadili nyumba na shilingi 450,000 zitasahaulika.

Risiti zenyewe zina aina mbili, zisikuchanganye. Ushuru na ada za halmashauri hulipwa kwa namba ya malipo ya serikali au kwa mashine ya kukusanyia mapato, na mashine inatoa karatasi hapohapo. "Mtandao hakuna, njoo kesho uchukue risiti" ni jibu la kukataa. Sema utalipa kesho hiyohiyo. Ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali zimerudia mara nyingi suala la fedha zilizokusanywa kwa mashine hizi zisifike benki. Michango ya kijiji yenyewe huandikiwa stakabadhi ya kitabu yenye namba iliyochapwa na nakala inayobaki kitabuni. Stakabadhi isiyo na nakala ni karatasi ya kufungia karanga.

Kwenye ujenzi ndiko kwenye hela

Madarasa, vyoo, nyumba za walimu na zahanati nyingi siku hizi hujengwa kwa fosi akaunti: fedha zinaingia kwenye akaunti ya shule, zahanati au kijiji, vifaa vinanunuliwa, na fundi wa hapahapa analipwa kazi ya mikono. Zinaundwa kamati tatu, ya ujenzi, ya manunuzi na ya mapokezi, na wananchi wa kawaida wanaingia humo. Mlango wa kulinda hela ni ile kamati ya mapokezi. Mzigo ukifika, kamati ihesabu, ilinganishe na oda na hati ya muuzaji, isaini, kisha vifaa viingie kwenye leja ya stoo kwa tarehe na idadi.

Mambo huharibika hivi: mjumbe anaitwa jioni kusaini mzigo ulioshushwa asubuhi yeye hayupo. "Saini tu mama, mifuko iko ndani." Akisaini, wizi wote unaofuata umebeba jina lake, hata kama hakupewa shilingi moja. Kosa jingine ni mtu mmoja kuwa kwenye manunuzi na papo hapo kwenye mapokezi. Anajinunulia, anajipokelea, anajisifu.

Ukitaka kujua kama saruji imefanya kazi iliyoandikwa, huhitaji uhandisi. Mfuko wa kilo 50 hutoa matofali ya inchi 6 yapatayo 30 yenye nguvu. Tuseme leja inaonyesha mifuko 100 ilitolewa kwa matofali na uwanjani yapo 3,000. Hesabu imekaa sawa, kila mtu anapiga makofi. Sasa chukua msumari ukwangue tofali lililokaa wiki kadhaa na kumwagiwa maji. Likitoa vumbi kama chokaa na pembe zikimong'onyoka kwa kidole, kuna uwezekano matofali yale 3,000 yalifyatuliwa kwa mifuko 60, yaani 50 kwa mfuko, na mifuko 40 imelala kwingine. Mwizi mwerevu haibi kwenye idadi ya matofali. Anaiba ndani ya tofali.

Nondo nayo ina hila yake. Imeandikwa milimita 12, imeletwa ya 10, na kwa macho ya mbali huoni tofauti. Watu wa Kusini tuna dawa tayari: mizani ya korosho. Nondo ya milimita 12 yenye urefu wa mita 12 ina kilo kumi na nusu na ushei. Ya milimita 10, urefu huohuo, ina kilo saba na kitu. Ning'iniza moja, soma, andika, kabla fundi hajaikata. Ikishafukiwa kwenye zege hakuna wa kuifukua.

Pakiwa na rushwa yenyewe

Uzembe na hati zisizoeleweka vina njia ya kiutawala: mtendaji wa kata, mkurugenzi, mkuu wa wilaya. Ila mtu akikuomba hongo ili akupe haki yako, hiyo ni jinai na mlango wake ni TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa: ofisi ya wilaya au simu ya bure namba 113. Piga kabla hujatoa, maana sheria ya rushwa ya mwaka 2007 inamtia hatiani mpokeaji na mtoaji pia. Ukiwahi, maofisa wanaweza kupanga mtego kwa fedha zilizoandaliwa. Ukichelewa, unabaki na neno lako dhidi ya lake. Mwambie anayekuomba "ngoja nitafute kidogo, nitakurudia", kisha uandike saa, mahali, kiasi alichotaja na nani alisikia.

Diwani au mkurugenzi anayetumia cheo kwa manufaa yake anaangukia pia kwenye Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma ya mwaka 1995, ile inayowataka kutoa tamko la mali na madeni kila mwaka kabla ya Desemba kwisha. Sekretarieti ya Maadili ina ofisi ya Kanda ya Kusini mjini Mtwara, kwa hiyo wa Kilwa na wa Masasi hawana sababu ya kupanda basi la Dodoma.

Usianzie kwenye kundi la WhatsApp. Ukirusha jina na picha kabla ya ushahidi, Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inaweza kukugeuza wewe kuwa mtuhumiwa, na mwenzako anapata muda wa kurekebisha leja.

Nawe mtendaji unayesoma hapa, hasa kijana uliyepangiwa kituo mbali na kwenu: bandika taarifa ya robo kwenye mbao za matangazo hata kama hakuna aliyeiuliza, peleka hela benki kabla ya kununua hata kalamu, na debe la korosho linaloletwa nyumbani kwako na mtu mwenye shauri mezani kwako lirudishwe siku hiyohiyo mbele ya shahidi. Usiseme "ni heshima tu ya wazee". Wazee watakapoitwa kutoa ushahidi hawatakuwa upande wako.

Ukinyimwa hati, andika barua. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inampa mwenye taarifa siku 30 za kukujibu. Ukurasa mmoja unatosha: jina lako, kijiji, hati unayoitaka kwa jina lake na kipindi chake, mfano "leja ya stoo ya ujenzi wa madarasa mawili, Januari hadi Juni". Usiombe "taarifa zote", utapewa hotuba. Chapa au andika nakala mbili, peleka kwa mkono, waambie mapokezi wagonge muhuri wenye tarehe kwenye nakala yako. Wakikataa kugonga, itume kwa rejista ya posta na utunze risiti. Siku ya 31 rudi na ile nakala, na usiende peke yako.