Pete, kapi au kifuko cha ngozi: kupunguza msuguano wa kamba juu ya mti

Huu ni ushauri kwa anayeanza kupanda kwa mfumo wa kamba inayotembea, yaani kamba inapita juu ya tawi, ncha moja imefungwa kwenye hanesi (mikanda unayovaa mwilini) na upande wa pili umeshikwa na fundo la pruski, yaani uzi uliozungushwa kwenye kamba ambao hubana ukibeba uzito na kusogea ukilegezwa. Kila unapopanda au kushuka, kamba hiyo inasugua tawi. Gome laini la mwembe mchanga linachunika hadi kwenye kambiamu, tabaka linalokuza shina, na kamba nayo inaota manyoya na kunata utomvu. Pete, kapi na kifuko cha ngozi ni vifaa vinavyowekwa kati ya kamba na tawi ili kupunguza hilo.

Anayelipa gharama kubwa zaidi ni mpandaji. Chukua mtu mwenye kilo 80 pamoja na vifaa vyake. Kama msuguano usingekuwepo, kila upande wa kamba ungebeba kilo 40, na hizo ndizo ungevuta ili upande. Kamba ikizunguka nusu duara juu ya gome lenye kizigeu cha msuguano (namba inayoonyesha ukubwa wa msuguano) cha 0.3, upande unaovutwa lazima uuzidi mwingine takriban mara 2.6, kwa hiyo unavuta kilo 58 hivi. Kwenye pete za alumini, tukichukua kizigeu cha 0.15, ni kama kilo 49. Ukifanya kazi kutwa nzima, tofauti hiyo utaisikia mabegani.

Wengi wakishaelewa hapo hukimbilia kapi, kwa kuwa ndilo laini kuliko vyote. Hapo wageni huumia. Unaposhuka, hesabu inageuka: juu ya gome, upande wenye pruski unabeba kilo 22 tu, kwa sababu tawi linakusaidia kushika. Juu ya kapi pruski inabeba karibu kilo 40. Fundo lilelile lililokuwa likiteremka vizuri jana leo linaweza kubana hadi lisisogee, au kuteleza likapata joto kali. Kwa hiyo ukibadilisha kifaa cha juu, rekebisha na fundo: idadi ya mizunguko, urefu na unene wa uzi wake. Jaribu ukiwa nusu mita kutoka ardhini, panda na kushuka mara kadhaa, ndipo uende juu. Kwa anayeanza, ushauri wetu ni pete mbili. Zinapunguza msuguano vya kutosha, na bado zinabakiza kiasi cha kukusaidia kushuka kwa utulivu.

Kifaa cha pete ni mkanda unaolazwa juu ya tawi, wenye pete kubwa upande mmoja na ndogo upande mwingine, na kamba hupita kwenye pete zote mbili. Pete ndogo huwa na tundu la milimita 28 hivi, kubwa 40 au zaidi. Urefu wa mkanda usikisie. Tawi la kipenyo cha sentimita 30 lina nusu mzingo wa sentimita 47. Ongeza 15 kila upande ili mkanda ufike usawa wa chini ya tawi, kisha 10 kila upande pete zining'inie huru. Jumla ni 97, basi chukua wa mita moja. Mkanda mfupi huziacha pete zimelalia gome, kamba inasugua pembeni, na faida yote inapotea. Kwenye mkaratusi unaobambua gome mkanda huteleza, kwa hiyo uweke kwenye panda, karibu na shina. Tawi lenyewe liwe bichi, lisilo na ufa, kipenyo chake kisipungue sentimita 10, na kabla ya kupanda watu wawili walivute kwa uzito wao wote wakiwa chini.

Kutoa kifaa ukiwa chini ndiko kunakowashinda wengi. Kitufe cha kutolea, yaani kibonge kinachopita pete kubwa lakini si ndogo, kinafungwa kwenye ncha ya kamba inayoingia kwa pete kubwa, nawe unavuta ncha inayotoka kwa pete ndogo. Kitufe kinapita pete kubwa, kinakwama kwenye ndogo, na mkanda wote unashuka. Ukikosea upande, kitufe kinakwama kwenye pete ndogo na kuivuta kuelekea ile kubwa, mkanda unalikaba tawi, na mtu lazima apande tena kuufuata. Pima kitufe kwenye pete zote mbili kabla ya kuondoka ardhini. Jicho lililosukwa mwishoni mwa kamba nalo lazima lipite pete ndogo. Wakati wa kuvuta, kila mtu akae mbali, akiwa amevaa kofia ngumu, maana pete zinaanguka kwa kasi.

Je, utengeneze mwenyewe? Pete na mkanda, hapana. Vinabeba uhai wako. Pete za kuchomelea za mtaani hazina namba ya nguvu, na mkanda ulioshonwa kwa cherehani ya viatu hakuna aliyeupima. Nunua vyenye alama ya kN (kilonewtoni, kipimo cha nguvu) ya kiwandani. Kiwango cha Marekani, ANSI Z133, kinadai kamba ya kupandia isikatike chini ya pauni 5,400, karibu 24 kN.

Kifuko cha kukinga gome ni jambo jingine, kwa kuwa uzito unabebwa na tawi. Tumia ngozi ya milimita 3 hadi 4, upana wa sentimita 12, ikunjwe kwa urefu na mshono ubaki nje. Kwa tawi la sentimita 20, urefu wa sentimita 60 unatosha. Toboa tundu kila mwisho kwa uzi wa kukivutia. Kipande cha mpira wa zimamoto kinafaa pia, ila ndani kina raba inayokamata kamba. Kigeuze ndani nje. Bomba la plastiki la maji liache, linalainika kwa joto.

Kila siku pitisha kidole ndani ya pete. Ukisikia mfereji au ukingo mkali, iondoe kazini. Kamba ikiwa na sehemu ngumu inayong'aa, hapo nyuzi zimeyeyuka kwa kushuka haraka mno. Utomvu uoshwe kwa maji vuguvugu na sabuni laini, kamwe si petroli, kisha vifaa vikauke kivulini.