Barua kwa mwanangu: Rafiki yako aliyebaki nje ya kanisa

Mwanangu mpendwa,

Huku wote wazima, baba yako anakusalimu, na picha za ubatizo wa mjukuu wangu zimeshazunguka mtaa mzima.

Sasa swali lako. Umeniandikia kwamba yule mwenzako wa kazini huko London, Myahudi mshika dini, alikuja siku ya ubatizo akasimama langoni na mwavuli wake mpaka ibada ikaisha. Kisha akaingia ukumbini na zawadi ya mtoto, akaongea na kila mtu, ila glasi ya divai akaikataa. Ukaniuliza: "Mama, ina maana anatuona tunaabudu sanamu?"

Jibu la haraka: sheria ya dini yake inamkataza kuingia, lakini haifuati kwamba amekuhesabu wewe mwabudu sanamu. Ni mambo mawili, na marabi, yaani walimu wa sheria ya Kiyahudi, wamebishana karne nyingi juu ya kuyatenganisha. Wengine hawayatenganishi mpaka leo.

Katika Talmudi, mkusanyo wa kale wa sheria na mijadala ya marabi, mna kitabu kizima kinachohusu ibada za miungu mingine, kinaitwa Avoda Zara. Kinaanza na biashara: siku tatu kabla ya sikukuu za wapagani ni marufuku kuuziana nao, kukopeshana nao, hata kulipana madeni, maana mpagani aliyepata faida ataenda kumshukuru mungu wake, na wewe utakuwa umechangia. Sikukuu zenyewe zimetajwa, Saturnalia ikiwemo, kwa hiyo unajua ni Warumi wanaosemwa.

Wakristo walipotawala, hesabu ikavurugika, kwa kuwa wao wana sikukuu kila Jumapili. Musa bin Maimuni, mwanasheria mkubwa aliyezaliwa Cordoba na kufariki Misri mwaka 1204, hakumung'unya maneno. Aliandika kwamba Wakristo ni waabudu sanamu na Jumapili ni sikukuu yao, hivyo katika nchi ya Israeli Myahudi asifanye nao biashara Alhamisi wala Ijumaa, na Jumapili yenyewe ni marufuku kila mahali. Jumamosi hakuwa na haja ya kuitaja, ni Sabato. Waislamu aliwaweka kando kabisa: alimwandikia Obadia, mtu aliyeongokea Uyahudi, kwamba hao wanampwekesha Mungu bila dosari.

Ila usimhukumu haraka. Ni huyo huyo aliyeruhusu Wakristo wafundishwe Torati na akakataza Waislamu wasifundishwe, kwa sababu Mkristo anayakubali maandiko yenyewe, ubishi ni juu ya maana, ilhali Mwislamu anasema yamebadilishwa. Na aliandika kwamba Yesu na Muhammad wote wawili wametengeneza njia ya Masihi ajaye, kwa kuwa kupitia kwao habari za Torati zimefika mpaka visiwa vya mbali. Nilipokuwa nafundisha somo la dini, hapo ndipo darasa lilipokuwa linaamka.

Maimuni aliishi chini ya watawala Waislamu. Wayahudi wa Ufaransa na Ujerumani walizungukwa na Wakristo: mteja Mkristo, mdeni Mkristo. Wangefunga duka kila Jumapili na kila siku ya mtakatifu, wangekula nini? Biashara ilikuwa inaendelea tayari, na marabi wao walitafuta namna ya kuieleza. Talmudi inakataza kuingia ubia na mwabudu sanamu, msije mkagombana mahakamani naye akaapa kwa mungu wake. Wafafanuzi wa Talmudi wa Ufaransa katika karne ya 12 na ya 13 wakasema: hawa wa siku hizi wanaapa kwa watakatifu wao lakini hawawafanyi miungu. Na hata kama wanamtaja Muumba na moyoni wanamwunganisha na mwingine, wana wa Nuhu, yaani watu wote wasio Wayahudi, hawakukatazwa kumshirikisha Mungu na mwingine. Shemeji yako Mwislamu nilimsomea sentensi hiyo, akashika kichwa.

Hapa ndipo penye jibu lako. Kwa fikra hiyo tendo ni lile lile, lakini hukumu inategemea nani analitenda. Myahudi akipiga magoti mbele ya msalaba amevunja agano lake. Wewe ukipiga magoti, hukuwahi kufungwa na agano hilo. Sasa, je, ile sentensi inahusu kiapo tu au ibada yenyewe? Rabi Moses Isserles wa Krakow, karne ya 16, aliitumia kulegeza sheria ya ubia. Yechezkel Landau wa Praha, karne ya 18, aliona watu wameivuta kupita kiasi: kwake, asiye Myahudi naye amekatazwa kushirikisha.

Mimi nampenda zaidi Menachem Meiri wa Perpignan, aliyezaliwa mwaka 1249. Wenzake walikuwa wanapima mafundisho ya Utatu. Yeye aliuliza jambo jingine: watu hawa wana dini inayowazuia wasiibe na wasiue? Kama ndiyo, ni "mataifa yaliyofungwa na taratibu za dini", na zile sheria za kale hazikuwahusu, ziliandikwa kwa watu wasio na mipaka. Kwa hoja hiyo, mali ya Mkristo iliyopotea irudishwe kama ya Myahudi. Naona aliwatazama majirani zake kwanza, vitabu baadaye.

Wapo wanaosema marabi walilainisha maneno kwa hofu. Hofu ilikuwepo kweli. Mwaka 1242 Talmudi zilichomwa hadharani Paris, na ilipochapishwa Basel kuanzia 1578 chini ya wakaguzi wa Kanisa, kitabu cha Avoda Zara kiliachwa chote. Lakini Meiri alijenga hoja yake sura kwa sura, na mtu anayeogopa tu hajisumbui kiasi hicho.

Siku hizi pande zote bado zipo. Rabi Moshe Feinstein wa New York alikataza kuingia makanisani. Ovadia Yosef wa Yerusalemu naye alikataza, lakini msikiti aliuruhusu. Upande wa pili, mwaka 2000 marabi na wasomi wa Kiyahudi zaidi ya 150 walitia saini tamko lililosema Wayahudi na Wakristo wanamwabudu Mungu mmoja. Jon Levenson, profesa Myahudi wa Harvard, akawakosoa kwamba wamezifunika tofauti za kweli. Nadhani ana haki kidogo. Ningekuwa rabi nisingesema Utatu ni jambo dogo.

Hukohuko kwenu, Mfalme Charles alipotawazwa tarehe 6 Mei 2023, ilikuwa Jumamosi. Rabi Mkuu Ephraim Mirvis, ambaye Sabato hapandi gari, alikaribishwa alale kwenye makazi ya kifalme ili afike Westminster Abbey kwa miguu, na alipotoa salamu pamoja na viongozi wa dini nyingine hawakutumia kipaza sauti, kwa ajili ya Sabato hiyo hiyo. Aliingia kanisani, ndiyo, kwa mwaliko wa mfalme. Mwaliko wako, samahani mwanangu, haujafikia daraja hiyo.

Kuhusu divai, usinunune. Sheria ilianza kwa sababu wapagani waliimwagia miungu yao, lakini Talmudi yenyewe inataja sababu nyingine: mabinti. Mkinywa pamoja mtaoana! Kwa hiyo ukitaka kumshukuru, chupa yoyote ya dukani haitafaa, labda yenye muhuri wa kosha, yaani inayokubaliwa na sheria yao ya vyakula. Usimpikie pia, hata mboga, maana sufuria zako nazo zina maswali yake. Mpelekee matunda mazima, au muulize tu anapenda nini. Ameshakaa langoni kwenye mvua kwa ajili ya mtoto wako, hataudhika kuulizwa.

Mjukuu ameanza kuota meno? Niandikie.

Mama yako