Diwani wenu haendi The Hague

Barua zilizoingia safu hii mwezi huu zinauliza jambo moja kwa sura tofauti: mtu wa Kasulu au Urambo anampelekaje kiongozi wa siasa kwenye Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, ile ICC iliyoko The Hague, Uholanzi? Nimechagua nane. Zilizojaa matusi nimeziacha mezani.

Diwani wetu amekula fedha za kisima. Wananchi tulisomba mawe na mchanga, kisima hakipo. Tunataka kumfikisha ICC. Tuanzie wapi? (Mkulima, Kasulu)

Msianze, mzee wangu. Mahakama ile inashughulikia makosa manne tu: mauaji ya kimbari, uhalifu dhidi ya ubinadamu, uhalifu wa kivita, na nchi kuivamia nchi nyingine. Kula fedha za kisima hakumo, hata kama kumewaacha na kiu. Hiyo ni kazi ya TAKUKURU, taasisi ya kuzuia rushwa. Piga 113, ni bure. Na kwenye mkutano mkuu wa kijiji daini mapato na matumizi yasomwe, kisha hakikisheni swali lenu limeandikwa kwenye muhtasari. Nimeona diwani akitetemeka mbele ya muhtasari kuliko mbele ya polisi.

Mimi si msomi na wakili sina. Nikiwa na jambo zito kweli, nalipeleka wapi na kwa shilingi ngapi? (Muuza dagaa, Kibirizi)

Kwanza neno lenyewe. Raia hafungui kesi ICC. Anayefungua ni Mwendesha Mashtaka, na wewe unampa taarifa. Jambo humfikia kwa njia tatu: nchi mwanachama ikilipeleka, Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa likilipeleka, au yeye mwenyewe akiamua kulifuata kwa idhini ya majaji, kwa mujibu wa ibara ya 15 ya Mkataba wa Roma, ule ulioiunda mahakama hiyo. Barua yako inaingilia mlango huo wa tatu.

Ada hakuna, na wakili si lazima. Unaweza kutuma kwa mtandao kupitia mfumo wao uitwao OTPLink, au kwa posta: Ofisi ya Mwendesha Mashtaka, Sanduku la Posta 19519, 2500 CM The Hague, Uholanzi. Akija mtu na mkoba anadai "hela ya faili la The Hague", mfukuze, huyo ni tapeli.

Kazi iko kwenye kuandika. Mwaka mmoja nililetewa barua ya kurasa nne, imeanza na "kwa heshima na taadhima", ikamlaani kiongozi, ukoo wake na chama chake. Tarehe hata moja haikuwemo. Aliyeiandika alikuwa ameona kwa macho yake mambo mazito, lakini kwenye karatasi hayakuonekana. Andika siku, saa, mahali. Andika ulikuwa umesimama wapi. Walivaa sare gani, gari la aina gani, namba gani, nani alisikika akitoa amri, kwa maneno yapi. Ulichoona weka peke yake na ulichosimuliwa weka peke yake, ukitaja nani alikusimulia. "Kila mtu anajua" haina faida kwa mpelelezi.

Hapo kwenye amri ndipo kiongozi anapoingia. Aliyeshika bunduki mara nyingi ni kijana asiyejulikana. The Hague hutafuta aliyeagiza, aliyepanga, au mkuu aliyejua na asizuie wala kuadhibu. Tena lazima ionekane si tukio moja la ghafla: uhalifu dhidi ya ubinadamu ni shambulio dhidi ya raia lililoenea au lililofanywa kwa mpango. Kama yaliyotokea kwenu yalitokea pia kijiji cha pili na cha tatu kwa namna ileile, sema.

Video ibaki kwenye simu iliyoipiga, au inakili kwa waya. Ukiipitisha WhatsApp inabanwa, na taarifa za saa na mahali zilizojificha ndani yake hupotea.

Lugha za kazi pale ni Kiingereza na Kifaransa, kwa hiyo ukipata wa kukutafsiria vizuri, mtumie. Lakini Kiswahili si kigeni kwenye kumbi zile. Mashahidi kutoka Ituri, mashariki mwa Kongo, wametoa ushahidi kwa Kiswahili.

Tangu uchaguzi wa Oktoba 29, 2025, nasikia watu wamepeleka malalamiko The Hague. Mbona hatuoni mtu akikamatwa? Na serikali si iliunda tume? (Mwanafunzi, Tabora mjini)

Tanzania iliridhia Mkataba wa Roma mwaka 2002, kwa hiyo ardhi yetu imo ndani ya mamlaka ya mahakama hiyo. Ila barua kupokelewa si kesi kufunguliwa. Kuna uchunguzi wa awali, kisha idhini ya majaji, kisha upelelezi wenyewe, ndipo hati za kukamatwa. Kenya, baada ya uchaguzi wa 2007, walimaliza kuuana Februari 2008. Idhini ya majaji ilitoka Machi 31, 2010.

Kuhusu tume: ICC huingia pale nchi yenyewe inaposhindwa au kukataa kupeleleza na kushtaki kwa dhati. Tume ya uchunguzi, kama ile iliyoongozwa na Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman, si mahakama. Inakusanya, inaeleza, inapendekeza. Swali la The Hague litakuwa: baada ya ripoti, nani alipelelezwa na nani alisimamishwa kizimbani?

Wakenya walipita hapo. Tume ya Jaji Waki iliweka majina ya washukiwa kwenye bahasha, ikamkabidhi msuluhishi Kofi Annan, ikasema undeni mahakama yenu. Bunge likakataa Februari 2009, na Julai bahasha ikaenda kwa Mwendesha Mashtaka, Luis Moreno Ocampo. Mwisho wake mnaujua: mashtaka ya Uhuru Kenyatta yaliondolewa Desemba 2014, kesi ya William Ruto ikasimamishwa Aprili 2016, huku upande wa mashtaka ukilalamika kuwa mashahidi wamevurugwa. Kesi ile ilianguka kwenye mashahidi, ndiyo maana nimewachosha na habari za tarehe na saa.

Rais si ana kinga? (Bodaboda, Nzega)

Kwenye mahakama zetu, ndiyo: ibara ya 46 ya Katiba inazuia kumshtaki kwa jinai akiwa madarakani. The Hague, hapana. Ibara ya 27 ya Mkataba wa Roma haijali cheo. Uhuru alikwenda pale Oktoba 2014 akiwa rais, na Machi 2025 Rodrigo Duterte, rais wa zamani wa Ufilipino, alikamatwa akapelekwa, ingawa nchi yake ilishajitoa mwaka 2019. Ila mahakama haina polisi wake. Omar al-Bashir wa Sudan alitolewa hati mwaka 2009, na 2015 akaenda Afrika Kusini mkutanoni na kurudi kwake salama.

Nilivuka mpaka kutoka Burundi mwaka 1972 nikiwa kijana, baba na kaka zangu wakabaki shimoni. Naweza kuandika? (Mzee, Ulyankulu)

Shikamoo, mzee. Kuandika unaweza, lakini mahakama ile haitaweza kusikiliza. Mamlaka yake yameanzia Julai 1, 2002, na hairudi nyuma ya hapo. Ile ya Arusha iliyofungwa mwisho wa 2015 ilikuwa ya Rwanda ya 1994. Kwa 1972 haikuundwa mahakama ya kimataifa. Tume ya Ukweli na Maridhiano ya Burundi imekuwa ikifukua makaburi ya halaiki, na majina ya waliopotea ndiyo hutafutwa. Mwite mjukuu mwenye mwandiko mzuri akuandikie majina hayo, na kilima mlichotoka.

Burundi ilijitoa ICC. Sisi tuliokimbia 2015 tumefungiwa mlango? (Mkimbizi, Nduta)

Hapana. Ilijitoa Oktoba 27, 2017, lakini majaji walikuwa wameruhusu upelelezi siku mbili kabla. Unahusu makosa ya kuanzia Aprili 26, 2015 hadi Oktoba 26, 2017, hata yaliyotendwa na raia wa Burundi nje ya mipaka yake. Ukiwa kambini unaweza kuandika.

Arusha si karibu zaidi? (Mwalimu, Ujiji)

Karibu kwa basi tu. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu hushughulika na serikali, haimfungi mtu. Na Novemba 2019 Tanzania iliondoa tamko lililowaruhusu raia kwenda moja kwa moja. Mahakama ya Afrika Mashariki inapokea raia, ila ndani ya miezi miwili tangu tukio au ulipolijua.

Nina daftari la niliyoyaona, nimelificha kwenye gunia la chumvi. Nikituma, jina langu litajulikana? (Mama, Uvinza)

Ofisi ile hutunza taarifa kwa siri, na shahidi anayeitwa mahakamani anaweza kuwekewa ulinzi. Lakini hawatatuma mlinzi Uvinza kwa sababu umeandika barua, dada yangu. Usimwambie jirani, usiweke kwenye status. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 ina kifungu cha 16 kuhusu taarifa za uongo, na ukirusha hadharani, mzigo wa kujieleza utakuangukia wewe. Nakili daftari zima, nakala moja umpe mtu unayemwamini anayeishi mbali nawe.

Na hilo ulilosema umelificha kwenye gunia la chumvi, litoe leo. Chumvi inavuta unyevu, na wino wa kalamu za dukani hauvumilii masika hata moja.