Bati linapotoa jasho

Fundi, shikamoo. Banda langu la gari huku Newala linadondosha maji asubuhi, na mwezi huu wa saba mvua hakuna. Nimebadilisha misumari yote, bado.

Marahaba. Misumari umeionea bure. Bati hilo halivuji, linatoa jasho. Usiku wa kipupwe huko juu bati hupoa kuliko hewa iliyo chini yake, na hewa yenye unyevu ikiligusa inageuka matone, kama chupa ya soda iliyotoka kwenye friji. Panda ngazi alfajiri, pitisha kiganja chini ya bati. Ukiloa kila unapogusa, ni jasho. Tobo hulowesha sehemu moja tu na kuacha mchirizi kwenye papi, zile mbao zinazoshikilia bati. Dawa ni upepo: acha uwazi pembeni kwenye ukingo wa paa na mwingine juu kwenye kofia, lile bati la kileleni mwa paa, hewa iingie chini itokee juu. Kama sakafu ni udongo mtupu, maji mengine yanapanda kutoka humo.

Mwanangu yuko Kanada. Banda lake la gari lina hita ya gesi na dari la pamba ya kioo ya kuzuia baridi, lakini mbao za paa zimeota ukungu. Anataka kuongeza pamba. Mama, Lindi.

Shikamoo mama. Mwambie asubiri. Gari linaingia na theluji, inayeyukia ndani. Hita nayo, kama haina bomba la kutoa moshi nje, ni birika: kilo moja ya gesi ya mtungi ikiungua hutoa zaidi ya kilo moja na nusu ya maji. Hewa hiyo ya moto hupenya kwenye matundu ya taa, hupita ndani ya pamba na kukutana na mbao zenye baridi kali. Azibe matundu kwanza, hita ipate bomba, nailoni ya kuzuia unyevu ikae upande wa joto, yaani chini ya pamba. Juu ya pamba aache njia ya upepo.

Basi na mimi Mtwara mjini, chumba cha kiyoyozi, niweke nailoni hivyo hivyo?

Hapana! Kwetu joto na unyevu viko nje, baridi iko ndani. Nailoni ikikaa nyuma ya jipsamu iliyopoa, unyevu utageuka matone hapo hapo na dari litaoza. Kizuizi kiwe upande wa nje.

Ghala letu Masasi linadondoshea magunia ya korosho. Tufunike turubai?

Yasogezeni leo, yakae juu ya mbao, mbali na ukuta. Turubai likifunika mpaka chini, korosho zitatoa jasho lao wenyewe.