Usithibitishe kwa video peke yake kwamba gati halina kome vamizi

Ndugu, usitie saini mkataba huo. Umeandika kwamba utanunua roboti ya majini yenye kamera ya 4K, uishushe kwenye nguzo za gati huko Kilindini, Mombasa, kisha umkabidhi mteja video pamoja na barua ya kuthibitisha kwamba hakuna kome vamizi, yaani kome wa kigeni wanaojishikiza na kujazana mahali pasipo kwao. Ukauliza roboti iwe ya bei gani, kebo iwe ya mita ngapi na kama taa mbili zinatosha. Barua hiyo ndiyo itakayokufilisi, si roboti.

Yangu niliuziwa hapa Nairobi na kijana aliyeniita "mkubwa" kila alipovuta pumzi, na ambaye aliijaribu mbele yangu katika bwawa la kuogelea la hoteli, ambamo maji yalikuwa safi kiasi kwamba hata mimi bila miwani ningeiona sarafu iliyozama. Akaapa kwamba hakuna kiumbe kitakachojificha mbele ya kamera ile. Hakuniambia, na sidhani alijua, kwamba kome anapoanza kujishikiza ukutani huwa na ukubwa wa takriban robo ya milimita, na kwamba ukuta uliokwisha kuvamiwa unaweza kuonekana kwenye skrini kama ukuta wenye utelezi wa kawaida, ilhali ukiupitishia kiganja unakwaruza kama msasa. Roboti yake haikuwa na kiganja.

Nami nikaamini, nikashuka pwani, nikazipiga picha nguzo zote kutoka upande wenye mwanga, nikaandika kwa herufi nzito kwamba gati ni safi. Baadaye mpiga mbizi wa mteja alikwangua nyuma ya maungio ya vyuma, penye kivuli, pale pale ambapo kebo yangu ilikuwa ikinasa na mimi nikaona ni busara kupita mbali, akatoka na kome waliojaa kiganja. Kama walikuwa wageni au wenyeji haikunisaidia lolote, kwa sababu mkataba ulitaka kila kome atajwe na sampuli yake ipelekwe kutambuliwa. Malipo yalizuiwa, kazi ikarudiwa kwa gharama yangu, na gharama ya mpiga mbizi nikabebeshwa mimi. Nilipompigia yule kijana simu alinishauri ninunue kamera kubwa zaidi, na kwa heshima ya jukwaa hili sitayaandika niliyomjibu.

Usidhani kwamba ni bahati yangu mbaya tu. Mwaka 1999, huko Darwin, Australia, wapiga mbizi waliwakuta kome wenye milia myeusi wamejazana katika gati za mashua ambazo ukaguzi wa miezi michache tu kabla haukuwa umewaona, na ikabidi maji yatiwe klorini na salfeti ya shaba ili kuwaangamiza. Kwa hiyo hata ripoti iliyo sahihi leo huchakaa upesi, sembuse ile iliyotegemea picha.

Bila sampuli iliyokwanguliwa, usithibitishe chochote. Mimi niliwaendea mafundi wa Kamukunji, wakanichomelea bamba lenye makali na mfuko wa wavu mdogo nyuma yake, nikalifunga mbele ya roboti. Si zuri kutazama, na mara ya kwanza liliinamisha pua ya roboti mpaka nikaongeza boya, lakini linaleta juu kitu ambacho mtaalamu anaweza kukiweka chini ya darubini. Kwangua penye kivuli, nyuma ya vyuma vya kuzuia takataka, kwenye maungio na vichwa vya bolti. Pale ambapo roboti haifiki, lipa mpiga mbizi. Katika ripoti andika kwamba hawakuonekana, kisha utaje sehemu ulizozifikia, ulizoshindwa kuzifikia, na umbali ambao kamera iliweza kuona siku hiyo katika maji yale.

Taa mbili zinatosha, mradi uzifunge mbali na lenzi, kwa maana zikikaa kando yake huangaza chembe za tope na skrini nzima hugeuka ukungu mweupe. Usinunue ya tatu; fedha hizo zitie kwenye bajeti ya mpiga mbizi, na bei yake iingie katika mkataba kabla hujausaini.