Meli ya kutumia LNG: anza na tanki, injini itafuata

Mkuu, umeuliza uchukue injini gani kwa meli ya shehena ya ukubwa wa kati itakayotumia LNG (gesi asilia iliyopozwa hadi kuwa kimiminika) pamoja na dizeli, ukasema tanki utalitafutia nafasi baadaye. Geuza mpangilio huo. Injini unaweza kuibadilisha hata michoro ikiwa imefika katikati, lakini tanki likikaa pabaya meli nzima inachorwa upya.

Chanzo cha yote ni joto. LNG hukaa kwenye nyuzi 162 hivi chini ya sifuri, na joto la nje linapenya usiku na mchana, injini zikiwa zinafanya kazi au zimezimwa. Kinachochemka kinakuwa gesi, na gesi hiyo ikifikia joto la kawaida huchukua nafasi mara 600 ya kimiminika chake. Kanuni za IGF (za meli zinazotumia gesi kama mafuta) za IMO, shirika la Umoja wa Mataifa la usafiri wa baharini, zilizoanza kutumika 1 Januari 2017, haziruhusu kuachia mvuke huo hewani ili kushusha presha ya tanki isipokuwa kwa dharura. Zinataka pia presha ibaki chini ya vali za usalama kwa siku 15, tanki likiwa limejaa na meli imesimama, umeme ukiwa ni wa matumizi ya ndani tu. Kwa hiyo kabla ya kufungua katalogi ya injini, jibu hili: mvuke wa tanki utakwenda wapi meli ikikaa nangani wiki mbili?

Sasa ujazo. Chukua injini inayotoa megawati 10 mfululizo kwa ufanisi wa asilimia 50. Kwa siku inahitaji megawati-saa 480 za nishati. Kilo moja ya LNG ina megajuli 49 hivi, kwa hiyo inakula tani 35 kwa siku. Mita moja ya ujazo ina uzito wa kilo 450 hivi, ikitegemea gesi imetoka wapi, basi ni karibu mita za ujazo 78 kwa siku. Safari ya siku 20 inataka 1,570. Wengi huishia hapo na kuagiza tanki la 1,600. Tanki hilo halitoshi, kwa sababu halijazwi hadi juu wala halinyonywi hadi chini. Ukijaza asilimia 85 na kubakiza 8 ili pampu isivute mvuke na tanki lisipate joto, unachoweza kutumia ni asilimia 77, na tanki linakuwa la mita za ujazo 2,040. Hapo majenereta na akiba ya hali mbaya ya hewa bado.

Hiyo asilimia 85 haitoki hewani. Kanuni inasema kimiminika kisizidi asilimia 98 ya tanki pale kitakapokuwa kimepata joto hadi mvuke wake kufikia presha ya vali ya usalama. LNG ikipata joto inapanuka, kwa hiyo unapunguza kiasi unachojaza mwanzoni: 98 mara uzito wa mita moja ya ujazo katika joto hilo la juu, gawanya kwa uzito wake wakati wa kujaza. Kwa methani tupu, tanki ambalo vali yake inafunguka kwenye bar 10 linaishia karibu asilimia 83. Vali ikiwekwa kwenye bar 4 unapata kama 89. Hapa pana mvutano ambao lazima uuamue mapema: presha ya juu inakupa siku nyingi za kushikilia mvuke, lakini inakula ujazo na kunenepesha ukuta wa tanki. Kanuni inaacha mlango wa kujaza zaidi, mwisho asilimia 95, pale unapothibitisha kwamba kihami na mahali pa tanki vinafanya moto wa nje usiweze kulipasha. Usiutegemee mlango huo kwenye hesabu ya kwanza.

Kuhusu aina ya tanki, kwa meli yako ningechukua aina C bila kusita sana. Ni silinda ya presha inayojitegemea, haihitaji kizuizi cha pili cha kudaka uvujaji, na inavumilia mvuke kupanda presha bila mtambo wowote kuwashwa. Ubaya wake ni umbo. Silinda ndani ya nafasi ya mraba inaacha pembe tupu nyingi, na ukijumlisha kihami na nafasi za ukaguzi, LNG inaweza kuchukua mara tatu au zaidi ya nafasi ya mafuta mazito yenye nishati ileile, ingawa kwa kimiminika chenyewe tofauti ni kama mara 1.8 tu. Tanki la utando mwembamba linafuata umbo la meli na halipotezi pembe, ndiyo sababu meli ya makontena CMA CGM Jacques Saadé ya mwaka 2020 ilipewa tanki la aina hiyo lenye mita za ujazo 18,600. Lakini lenyewe halibebi presha, hivyo mvuke wake lazima utumike au urudishwe kuwa kimiminika muda wote. Pia, tofauti na tanki la shehena la meli ya kubebea gesi, tanki la mafuta hukaa nusu kwa siku nyingi, na nusu ndipo kimiminika kinapata nafasi ya kusukasuka na kuchapa kuta. Uimara wa utando lazima upimwe kwa kila kiwango cha ujazo. Aina B, tanki linalojitegemea lakini lisilo la presha, nayo ni nzuri kwa meli kubwa. Kwa ukubwa wako gharama haiji.

Mahali pa kuliweka: kutoka ubavuni, upana wa meli ugawanywe kwa 5 au mita 11.5, lipi dogo, ukipima kwenye mstari wa maji wa kiangazi. Kutoka chini, upana ugawanywe kwa 15 au mita 2, lipi dogo. Meli yenye upana wa mita 32 inakuwa mita 6.4 kila ubavu, na katikati zinabaki 19.2. Kuna njia mbadala ya kukokotoa uwezekano wa kugongwa, kikomo kikiwa 0.04 kwa meli za mizigo na 0.02 kwa za abiria, na inasaidia sana tanki fupi lililo karibu na ubavu. Ukilipandisha sitahani karibu na tezi unaokoa nafasi ya shehena, ila uthabiti unapungua na upepo unapata ukuta wa kusukuma. Fanya hesabu ya uthabiti likiwa limejaa, likiwa nusu na uso wake huru, na likiwa karibu tupu. Zote tatu.

Kuna tatizo moja ambalo michoro haioneshi na linasumbua meli nyingi ndogo: presha kuporomoka baharini. Mbunifu anaondoa pampu ili kuokoa fedha, anaacha kivukizishi kidogo (kifaa cha kugeuza kimiminika kuwa gesi) kipandishe presha ya tanki hadi bar 5 au 6 iisukume gesi yenyewe hadi kwenye injini. Kwenye maji tulivu inafanya kazi vizuri. Lakini kimiminika kilichotoka kupakiwa kiko karibu nyuzi 160 chini ya sifuri, wakati mvuke wa bar 5 unataka uso wenye nyuzi 135 hivi chini ya sifuri. Kinachoshikilia presha ni tabaka jembamba la vuguvugu pale juu. Meli ikianza kuyumba, tabaka hilo linachanganyika na baridi ya chini, mvuke unarudi kuwa kimiminika, presha inaanguka ndani ya dakika chache, na injini inarukia dizeli wakati mabaharia wanaihitaji itulie. Kuongeza ukubwa wa kivukizishi kunasaidia kidogo tu. Dawa ni pampu ya kuzama ndani ya tanki, na ya pili ya akiba, ili presha ya injini isitegemee presha ya tanki.

Ukishajua mvuke unavyotembea, injini inajichagua zaidi kuliko unavyodhani. Injini za mipigo minne za mafuta mawili zinataka bar 5 hadi 6. Za mipigo miwili za presha ya chini zinataka kama 13 hadi 16, na kompresa ya kawaida inaweza kuzilisha mvuke wa tanki. Za mipigo miwili za presha ya juu zinataka kama bar 300; kimiminika unakipandisha kwa pampu bila shida kubwa, lakini kubana mvuke hadi 300 kunakula umeme mwingi, kwa hiyo mvuke upeleke kwa majenereta au boila. Kama majenereta yako ni ya dizeli pekee, mvuke hauna pa kwenda meli ikiwa gatini.

Upande wa pili wa mizani ni methani inayopita bila kuungua. Kwa kuungua peke yake LNG inatoa gramu 56 hivi za kaboni dioksidi kwa megajuli, mafuta mazito 77 hivi, yaani pungufu ya asilimia 27. Viwango vya kuanzia vya FuelEU, kanuni ya Umoja wa Ulaya kuhusu mafuta ya meli, vinaipa injini ya mipigo minne upotevu wa asilimia 3.1, ya mipigo miwili ya presha ya chini 1.7, na ya presha ya juu 0.2. Hesabu methani kuwa mara 28 ya kaboni dioksidi kwa miaka 100, na ile 27 inashuka hadi karibu 7 kwa mipigo minne, huku ya presha ya juu ikibaki karibu 26. Hizo ni chomboni tu, bila kinachovuja kisimani na bombani. Anayeagiza meli anapaswa kuziona namba hizo kabla hajatia saini, maana tofauti hiyo ni kubwa kuliko faida yoyote ya umbo la mwili wa meli.

Injini za presha ya chini zina jambo lingine: zinagonga (gesi inajiwakia yenyewe) gesi ikiwa nzito na zinamisi (hazishiki moto) mchanganyiko ukiwa mwembamba mno. LNG ikikaa, nitrojeni na methani hutangulia kuondoka. Ethani na propani hubaki. Nguvu uliyoahidiwa kwa namba ya methani 80 (kipimo cha gesi kustahimili kugonga) huipati tena mwisho wa safari ndefu, hasa hewa ya kuingilia ikiwa ya joto. Mwambie mtengenezaji akupe jedwali la nguvu kwa gesi mbaya, ndilo uchoree propela.

Kuhusu mabomba na baridi, chuma cha pua kinafupika karibu milimita 2.8 kwa mita kikitoka joto la kawaida hadi la LNG. Bomba la mita 40 linapungua sentimita 11. Weka mikunjo ya kutosha, egemeo moja la tanki likae imara na lingine liteleze, na kila kipande cha bomba kati ya vali mbili kiwe na vali yake ya usalama, kwa kuwa kimiminika kilichofungiwa kikipata joto kitapasua chochote. Chuma cha kawaida cha meli kikiguswa na LNG kinakuwa dhaifu na kupasuka, kwa hiyo chini ya kila flanji inayoweza kuvuja weka trei ya chuma cha pua. Chumba cha maunganisho ya tanki kijengwe kwa chuma kinachostahimili baridi hiyo, kiwe na vihisi vya gesi, na ngama yake iwe na kihisi cha kiwango na cha joto vitakavyofunga vali ya tanki. Maji ya glikoli yanayopasha kivukizishi nayo yanasahaulika: mzunguko ukisimama huku LNG ikiendelea kuingia, yanaganda, mirija inapasuka, na gesi inasafiri ndani ya glikoli hadi chumba cha injini. Weka swichi ya mtiririko inayokata LNG mara moja, na kihisi cha gesi kwenye tanki la upanuzi.

Chumba cha injini ningekifanya salama dhidi ya gesi: bomba la kuta mbili hadi kwenye injini yenyewe, hewa ya katikati ivutwe mara 30 kwa saa kwa presha ya chini ya chumba, au katikati pajazwe nitrojeni yenye presha kuliko gesi. Feni hiyo ikokotoe mapema. Nafasi kati ya kuta mbili ni finyu, kona zikiwa nyingi hewa haipiti inavyotakiwa, na utagundua siku ya majaribio. Vali kuu ya gesi ikae nje ya chumba, kisha vali mbili za kufunga na moja ya kutoa hewani katikati yake. Methani inawaka ikiwa asilimia 5 hadi 15 ya hewa. Ndani ya bomba hilo la nje, asilimia 30 ya kikomo cha chini inatoa onyo, na vihisi viwili vikisoma 60 gesi inakatwa. Bomba la moshi lipate vifuniko vya kufunguka kwa mlipuko, kwa sababu silinda ikimisi gesi mbichi hukusanyika humo.

Mlingoti wa kutolea gesi urefu wake juu ya sitaha usipungue theluthi ya upana wa meli au mita 6, lipi kubwa, na mdomo wake ukae mita 10 kutoka tundu lolote la kuingiza hewa au kutoa moshi. Umbali huo unagongana na mpangilio wa makazi karibu kila mara, basi uchore pamoja na chumba cha nahodha, usiusubirishe.

Kituo cha kupakia kiwe wazi kwa upepo, na poda kavu ya kuzimia ya angalau kilo 3.5 kwa sekunde kwa sekunde 45. Maji ni ya kulinda ubavu wa meli tu. Yakimwagwa juu ya dimbwi la LNG yanalichemsha. Bomba la kupakia liwe na mteremko kuelekea kwenye tanki ili likauke, na liwe na matawi mawili, la juu lenye vinyunyizi na la chini. Vinyunyizi vinashusha presha bila kurudisha mvuke kwa anayepakia, na matawi mawili yanamwezesha fundi kuchagua: LNG mpya ikiwa nzito kuliko iliyobaki iingie juu, ikiwa nyepesi iingie chini, zisijipange matabaka halafu zipinduke ghafla na kutoa mvuke wote kwa pamoja.

Weka hapa upana wa meli, siku ndefu zaidi kati ya upakiaji na upakiaji, umeme wa gatini kwa kilowati, na kama majenereta ni ya gesi au la. Kwa hizo nne tunaweza kukokotoa tanki na siku zake za kushikilia presha.